Maswali ya Wasomaji: Kuizuru Shela kwa Saa ya Bahari

Tangu tulipochapisha picha ya mnara wa msikiti wa Shela katika toleo lililopita, barua za wasomaji wanaotaka kukizuru kijiji hicho cha kisiwa cha Lamu hazijakoma. Tumechagua tano. Nazijibu kama mtu aliyezaliwa upande wa Lamu na ambaye hadi leo, kila aendapo Shela, huuliza kwanza habari za maji kabla ya kuuliza habari za watu.

Swali: Je, Shela ni ufuo tu?

*Assalaam aleikum. Mimi na mume wangu ni walimu wastaafu, na tumejiwekea akiba ili tuione Lamu angalau mara moja maishani. Jamaa zetu wanatuambia kwamba historia yote iko katika Mji wa Kale, na kwamba Shela ni ufuo na mahoteli, mahali pa kupita saa mbili na kurudi. Je, kuna haja ya kulala huko? — Walimu wastaafu, Nakuru*

Waaleikum salaam, na shikamooni walimu wangu. Jamaa zenu wamewaambia nusu ya ukweli. Mji wa Kale wa Lamu ndio ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2001, nao unastahili siku zenu mbili au tatu. Ufuo wa Shela nao upo, unanyooka kwa kilomita 12 hivi kuelekea upande wa Kipungani, na hakuna atakayewalaumu mkiufuata. Lakini mchanga huo huo ndio ulioamua mustakabali wa Lamu, na anayeukanyaga bila kujua hilo hupitwa na jambo kubwa.

Karibu mwaka wa 1813, Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, wakiwa wamefungamana na watu wa Pate, walikuja na vyombo vyao wakateremka Shela kwa nia ya kuitia Lamu mkononi. Kabla ya silaha yalikuwa yametangulia mashairi, kwani Mombasa na Lamu zilikuwa zimejibizana kwa beti za vitisho na kejeli ambazo wapenzi wa ushairi wangali wanazisoma. Waamu walitoka kupigana, wakawavunja wageni wao, na wale waliokimbilia pwani wakavikuta vyombo vyao vimepwelewa, maji yameondoka chini yake, havisukumiki wala haviendi. Wengi waliuawa hapo hapo kando ya vyombo vyao. Baada ya ushindi ikaja hofu ya kisasi, na Waamu wakaomba himaya ya Sayyid Said wa Omani, akapeleka liwali na askari. Ngome mtakayoiona katikati ya mji wa Lamu ilikamilika mwaka wa 1821. Hivyo maji kupwa saa ile yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyoufungulia utawala wa Omani mlango wa sehemu hii ya pwani. Kwa miaka mingi upepo umekuwa ukifukua mifupa ya watu katika mchanga wa huko. Mkiiona, msiiguse wala msiipige picha. Waambieni wazee wa kijiji au watu wa makumbusho, kwa kuwa hao ni maiti na wana haki zao.

Msikiti wa Ijumaa wa Shela ulijengwa mwaka wa 1829, yaani katika kizazi hicho hicho cha vita. Mnara wake ni mweupe, wa duara, unaochongoka kadiri unavyopanda, na huonekana mbali kabla boti haijafika gatini. Misikiti mingi ya kale ya Waswahili haikuwa na minara, muadhini aliadhini mlangoni au juu ya dari. Kwa hiyo mnara mrefu namna hii wa miaka ya 1820 ni dalili ya mji mdogo uliokuwa na fedha na uliotaka ujulikane hivyo.

Nawashauri mlale usiku mbili. Mkijaaliwa kupata chumba katika nyumba ya mawe ya kale, inueni macho mwangalie dari: mtaona boriti za mikoko zimepangwa karibu karibu, na ndizo zilizokipa chumba upana wake, kwa maana fundi hakuweza kujenga chumba kipana kuliko urefu wa boriti aliyoipata. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za Lamu ni virefu na vyembamba. Kisha angalieni ukuta mahali plasta ilipobanduka. Jiwe mtakaloliona ni tumbawe, na mkilisogelea kwa jicho mtakuta vinyota vidogo vidogo vimejaa uso wake mzima, kila kimoja kilikuwa makao ya kidudu cha bahari. Ukuta ulitoka majini kabla haujatoka mkononi mwa fundi, na hata chokaa iliyoushikanisha ilichomwa kutokana na mawe ya namna hiyo hiyo.

Swali: Tulikwama Takwa; tumlaumu nani?

*Ndugu Mwandishi, mwaka jana tulikwenda kikundi cha watu tisa, watoto wakiwemo, kutoka Shela kuzuru magofu ya Takwa. Nahodha tuliyemkodi alisema tuondoke saa tatu asubuhi. Tulipomaliza kutembea tuliikuta mashua imelala ubavu juu ya tope, na tukangoja hadi karibu na magharibi bila maji ya kunywa. Je, mtu wa bara atajuaje wakati wa kwenda? — Kijana wa Machakos*

Pole sana, ndugu yangu, hasa kwa ajili ya watoto. Nahodha alikosa, kwa sababu kazi yake ya kwanza ni kujua maji na ya pili ni kumwambia abiria ayajue. Nakusihi hata hivyo usiichukie Takwa kwa sababu hiyo, na nitakufundisha hesabu ambayo kila mtoto wa kisiwani huijua, ili safari nyingine wewe mwenyewe uwe wa kuuliza.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na dakika kama 50. Dakika hizo 50 ndizo zinazomchanganya mgeni, kwa sababu kila siku maji hujaa yakiwa yamechelewa kiasi hicho kuliko jana. Saa yake ni mwezi wa mbinguni, kwa hiyo tarehe ya kufuata ni ile ya mwezi wa Kiislamu. Mwezi unapoandama na unapotimia, yaani karibu na tarehe mosi na tarehe 15, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kimo baina ya kujaa na kupwa huweza kuzidi mita 3. Katika pwani yetu ya Kenya, siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri. Ukienda mbele juma moja, tarehe 7 au 8 na tena tarehe 22 au 23, ni maji mafu. Bahari haipandi sana wala haishuki sana, na kujaa huangukia mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Siku za katikati huzijazia mwenyewe kwa kuongeza zile dakika 50. Kwa maelezo yako nakisia kwamba mlikwenda mwezi ukiwa wa siku sita hivi: mliondoka saa tatu maji yakiwa ndiyo kwanza yamemaliza kujaa, mkatembea kwa raha, nayo yakawatoka nyuma yenu.

Takwa iko katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Shela, na njia yake ni mkono wa bahari unaojipenyeza kati ya mikoko hadi karibu kabisa na magofu. Mkono huo hauna kina. Maji yakipwa hubaki tope tupu, kwa hiyo ni lazima uingie nayo yakipanda na utoke kabla hayajashuka. Ningechagua siku ya bamvua, niondoke Shela saa nane mchana, nifike jua likianza kupoa, na niwe nimerudi mashuani kabla ya saa kumi na moja. Muulize nahodha mambo mawili kabla hujampa arubuni: leo maji yanajaa saa ngapi, na sisi tutatoka huko saa ngapi. Nahodha mzuri hujibu bila kufikiri. Anayejibu "hakuna wasiwasi" mwache atafute abiria wengine. Na kila mtu achukue maji yake ya kunywa, kwa sababu ambayo utaiona hivi punde.

Njia yenyewe ni nusu ya ziara. Nahodha huteremsha tanga mlangoni mwa mikoko akashika upondo, na tangu hapo husikii ila upondo ukizama topeni na kung'oka. Mwambie asimame kidogo penye ukingo, utazame tope: kaa wadogo, dume likiwa na gando moja kubwa kuliko nusu ya mwili wake, hulipunga juu na chini kama mtu anayemwita mwenzake, na kivuli chako kikiwafikia wote huingia mashimoni kwa pamoja. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya nzima iko katika kaunti ya Lamu. Ndiyo iliyotoa boriti za nyumba nilizozitaja juu, na ndimo samaki wengi hukulia wakiwa wadogo.

Mji wa Takwa ulisitawi katika karne ya 15 hadi ya 17, kisha ukahamwa. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyechimbua pia magofu ya Gede karibu na Malindi, alifanya kazi hapa mwaka wa 1951. Leo utaona ukuta wa mji, mabaki ya nyumba za mawe ambazo nyingi zimeelekea kaskazini, upande wa Kibla, mibuyu iliyoota baina yake, na msikiti mkuu wenye nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, jambo lisilo la kawaida. Nje ya ukuta wa mji liko kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka wa 1094 Hijria, ambao ni mwishoni mwa karne ya 17. Mimi hukaa mbele ya kaburi hilo kuliko mahali pengine popote. Kwa nini watu waliondoka? Sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba visima viliingia chumvi. Walivuka maji wakaenda Shela, na Washela hujihesabu kuwa ni wana wa Takwa; wazee wao wamekuwa wakirudi kulizuru kaburi hilo na kumwomba Mungu mvua. Fikiri, ndugu yangu: watu waliokosa maji matamu hapa, wajukuu wao wanarudi hapa hapa kuomba mvua. Nanyi siku ile mliketi saa hizo zote mahali hapo bila maji ya kunywa. Mliyaona kidogo yaliyowapata wenyeji.

Swali: Watoto wacheze juu ya vilima vya mchanga?

*Dada, tunapanga kuwapeleka watoto wetu watatu Shela. Tumeona picha za watu wakiteleza juu ya vilima vya mchanga, na kuna rafiki wa mume wangu anayesema huko juu vinapatikana viwanja vya bei nafuu vya kujenga nyumba ya mapumziko. Unatushauri nini? — Mama wa watoto watatu, Voi*

Dada yangu, kwa watoto jibu ni jepesi: wacheze, lakini wacheze upande wa ufuoni ambako mchanga ni mtupu, wasing'oe majani wala mitambaazi iliyoshika mchanga wa juu, na wasiache nyuma yao hata mfuko mmoja wa plastiki. Kuhusu kiwanja, nitasema kwa urefu, kwa sababu swali lako ndilo zito kuliko yote yaliyotufikia mwezi huu.

Vilima vile ndivyo kisima cha mji wa Lamu. Mvua inyeshapo juu yake haitiririki kwenda baharini kama inavyofanya penye mwamba au penye udongo mgumu. Mchanga huinywa papo hapo, na maji hushuka polepole, yakichujika, mpaka yanapokutana na maji ya chumvi yaliyopenya chini ya kisiwa kutoka baharini. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo hayazami. Huelea juu yake, yakatengeneza tabaka lililo nene katikati na jembamba pembeni. Ni katika tabaka hilo visima vya Shela huchota maji yanayokwenda majumbani mwa mji. Hapana mto katika kisiwa kile. Mtoto anayefungua mfereji wa nyumbani Lamu anakunywa mvua iliyopitia katika mchanga ambao wako wanauteleza.

Sasa tia nyumba juu yake. Mjenzi husawazisha kilima, hung'oa mimea, upepo wa kusi huupeperusha mchanga uliolegea, na chujio hupungua. Shimo la choo huchimbwa, na maji machafu hayana njia isipokuwa ile ile ya mvua, kushuka. Kisha mwenye nyumba huchimba kisima chake, akaweka pampu, akajaza bwawa la kuogelea. Na tabaka lile lina tabia moja ambayo watu hawaijui mpaka wamechelewa, nayo ni kwamba ukilishusha kidogo juu kwa kuchota, chumvi hupanda kutoka chini kwa kiasi kikubwa zaidi ya kile ulichoshusha. Kisima kikisha kuingia chumvi hakirudi kuwa kitamu kwa mvua ya msimu mmoja.

Nilipokuwa mtoto, bibi yangu alitupeleka nyuma ya vilima baada ya mvua ya masika, akapiga magoti akafukua kwa kiganja. Juu mchanga ulikuwa mkavu na wa moto. Kufika kina cha mkono hadi kiwiko ukawa wa rangi nyingine, mweusi mweusi, umeshikana, na baridi. Akautia kiganjani mwangu akanifumbata vidole. Hakusema neno la mafunzo, alinambia tu "haya ndiyo ya mtungini." Tangu siku hiyo siwezi kuviona vilima vile kuwa ni mchanga tu, na ndiyo sababu nakuomba, wewe na mume wako, msinunue huko, hata kama hati inaonekana safi, hata kama bei ni ya kuokota. Kama mnataka nyumba Shela, ziko za kale ndani ya kijiji zinazohitaji mtu wa kuzitia chokaa na kuzibadilishia boriti.

Jambo moja zaidi kuhusu watoto: ufuo wa Shela unatazama bahari ya wazi, na unapopita gati na kusonga mbele, mawimbi na mkondo huwa na nguvu. Waogelee karibu na kijiji, mtu mzima akiwa majini pamoja nao, na kamwe si wakati wa kusi kali.

Swali: Mavazi na picha

*Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, si Mwislamu, nami naogopa nisije nikawaudhi wenyeji. Nivae nini, na naruhusiwa kupiga picha? — Binti wa Eldoret*

Marahaba, mwanangu. Anayeuliza mapema namna hii hataudhi watu. Nguo ya kuogelea ni ya ufuoni. Ukiingia vichochoroni jifunge leso au vaa gauni linalofunika mabega na magoti. Msikiti utazame kwa nje, isipokuwa uombe ruhusa na upewe. Picha za milango na kuta piga utakavyo. Watu waombe kwanza, na wanawake usiwapige kabisa mpaka wenyewe wakubali kwa maneno, si kwa tabasamu. Amkia kila unayempita. Ukikaribishwa ndani vua viatu, na ukiletewa mkate wa mofa au mahamri na mbaazi, kula hata kidogo. Vichochoro ni vyembamba, na punda mwenye mzigo wa mawe hapishi mtu: wewe ndiye wa kujibana ukutani.

Swali: Njia na majira

*Twendeje, na twende mwezi gani? — Wasomaji kadhaa wa Mombasa na Nairobi*

Kwa ndege mtashukia Manda na kuvuka kwa boti. Kwa basi kutoka Mombasa mtapitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti hadi Lamu. Safirini mchana na mwulize kwanza hali ya barabara na ya usalama kabla ya kukata tiketi. Kutoka mji wa Lamu hadi Shela ni kama kilomita 3, na boti za abiria hazikosekani. Maji yakiwa yamepwa mnaweza pia kwenda kwa miguu kando ya pwani, lakini yakijaa mtalazimika kurudi juu na kuzungukia njia ya ndani.

Mwezi wa Aprili hadi Juni ni wa mvua, na kusi huendelea kuvuma kwa nguvu hadi Agosti, mchanga ukiruka ufuoni na mashua ndogo zikipata taabu. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kaskazi: joto jingi, mvua chache. Mimi hupenda Oktoba na Novemba, pepo zinapobadilishana na bahari kutulia. Mwezi wa Ramadhani mtapokewa kwa wema, ila mikahawa mingi ya wenyeji hufunga mchana. Na mkitaka kuja kwa ajili ya Maulidi ya Lamu, katika mfungo sita, wekeni vyumba miezi kadhaa mbele, kwani wageni hufika kutoka pwani nzima ya Afrika Mashariki na hata Shela hujaa.